Mlevi wa Kaunta

Juzi nilikuwa Magu, nikaingia kituo cha polisi kuripoti simu iliyopotea. Mbele yangu walisimama wazee wawili wakisubiri fomu ya PF3, maana bila hiyo hospitali haimtibu aliyepigwa. Mmoja amefungwa khanga kichwani, ina damu. Mwingine amemshika mkono asianguke. Huyo aliyemshika ndiye aliyempiga.

"Shikamooni," askari wa kike aliyekuwa kaunta alisema. "Siku hizi kila ugomvi lazima tuulize habari za pombe, kwa ajili ya takwimu. Mzee, ulipompiga ulikuwa umekunywa?"

"Marahaba. Hata tone sikugusa, mwanangu. Tulibishania mpaka wa majaruba ya mpunga, nikampiga."

"Muongo!" mwenye khanga akadakia. "Andika alilewa. Huyu nimechunga naye ng'ombe tangu utoto. Akiwa na akili zake hawezi kunipiga mimi."

Mwenzake akaitazama ile khanga, kisha akainamisha kichwa.

"Basi andika nililewa, mwanangu. Nililewa sana."

Askari akawatazama wote wawili, akaandika.

Takwimu za ulevi zikitoka, mlevi mmoja wa humo namjua. Alilewa pale pale kaunta, akiwa na akili zake zote.