Mama Chupa na Swali la Tisa

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kengele ya shule bado haijalia. Ndani ya maabara ya kemia, mwanamke wa miaka arobaini na saba ameinamia mizani. Anadondosha punje nyeupe za sodiamu haidroksaidi, dawa kali inayotumika pia kutengenezea sabuni, mpaka namba inasimama kwenye nne. Gramu nne kamili. Anaziyeyusha, anamimina kwenye chupa kubwa, anaongeza maji mpaka lita moja.

Wanafunzi wanamwita Mama Chupa. Kwa miaka kumi na tisa, hakuna darasa lililofanya jaribio hapa bila mkono wake kupita kwanza. Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho.

Miaka minne iliyopita lilikuja agizo kutoka juu: mhudumu wa maabara asiyefaulu mtihani wa kemia hatabaki kazini. Yeye aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki akabaki na wadogo zake watatu wa kulea. Akapewa miaka minne. Ameufanya mtihani huo mara nne, na mara nne ameanguka.

"Ya kwanza nilisema bahati mbaya. Ya pili nikasema niliugua. Ya tatu nikakosa cha kusingizia," anasema, huku akifuta meza ambayo tayari ni safi.

Si kwamba hakusoma. Miaka hii miwili, kila jioni, vyombo vikishaoshwa, binti yake wa kidato cha tatu alimfundisha hesabu za moli na kusawazisha milinganyo. Mumewe, fundi cherehani, aliwatania: "Nyumba hii mama ndiye mwanafunzi, mtoto ndiye mwalimu. Mimi sijui ni nani."

Utani huo ulikoma. "Siku hizi nikifungua daftari mume wangu ananyamaza," anasema. "Bora angecheka."

Mwaka huu, swali la tisa liliuliza: ni gramu ngapi za sodiamu haidroksaidi zinahitajika kutengeneza nusu lita ya myeyusho uleule anaoutengeneza yeye kila siku?

"Nilijua ni mbili. Lita ni nne, nusu yake mbili, hata usingizini nakwambia. Nikaandika mbili. Lakini walitaka uonyeshe njia, na njia ilinitoka kichwani. Nikaogopa. Nikasema, msahihishaji akiona jibu limesimama peke yake atasema nimeibia." Anatazama viganja vyake. "Nikalifuta."

Matokeo yalipotoka, alimsimulia binti yake. Binti akachukua penseli, akaandika mistari mitatu mifupi, akauliza: "Mama, si ndicho unachofanya kila siku?" Kisha akaingia chumbani.

"Nikamsikia analia. Hapo ndipo nilipokwisha."

Mkuu wa shule anasema ameandika barua mbili kumwombea, zote zikajibiwa vilevile. "Hapo maji yamezidi unga," anasema. "Na bado nimemwomba amwelekeze kazi atakayechukua nafasi yake. Najua ninachomwomba."

Mhudumu mpya, msichana mwenye cheti kizuri, alifika Jumatatu. Asubuhi ileile alishika jagi, akataka kumwagia maji rundo la punje zile kavu. Mama Chupa akamdaka mkono.

"Usimwagie maji, mwanangu! Yatachemka yakurukie usoni. Tia maji kwanza, halafu punje uzitie kidogo kidogo."

"Samahani, mama," msichana akajibu, akaweka jagi chini. "Shuleni kwetu tulisoma kwa kuandika tu."

Mama Chupa alikwenda kusimama nyuma ya kabati la dawa mpaka darasa lilipoingia.

"Simchukii," anasema sasa. "Hana kosa. Ila nilijiuliza, mimi nilikuwa nafanya nini humu miaka yote hii?"

Wiki ijayo hajui atakwenda wapi. Shule mbili alizopiga hodi zimemwomba cheti kilekile. Hata hivyo, fomu ya mtihani wa mwakani ameshaijaza, ingawa hata akifaulu nafasi yake hapa itakuwa imeshajazwa.

Sasa cheti cha nini?

Anairudisha chupa kubwa kwenye rafu.

"Yule binti yangu anaamini yeye ndiye aliyeanguka," anasema. "Anasema hakunifundisha vizuri. Kazi imeshakwenda, iende. Lakini hilo siwezi kumwachia."