Hema la Harusi Katika Kiangazi cha Rasharasha

Siku yangu ya kwanza kazini sikusimika hema. Nilipewa brashi na ndoo. Bohari ya kampuni ya kukodisha mahema ilikuwa Granville, kitongoji cha Sydney, nyuma ya karakana za magari, na msimamizi wake, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alitandaza turubai jeupe sakafu nzima akaniambia nilisugue kwa maji ya sabuni. Nilikuwa mgeni kutoka Tanga, ambako turubai la shughuli hufungwa kwenye miti asubuhi na jioni likarudishwa kwa mwenyewe na vumbi lake. Nikasugua huku nimenuna.

"Unajua adui wa hema ni nani?" akaniuliza.

"Upepo."

"Upepo hulivunja. Unyevu huliua polepole. Ukilikunja bichi litaota kuvu, na yale madoa meusi hayatoki tena. Hapa hakikunjwi kitu kibichi."

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, sheria ya kwanza ndiyo hiyo. Ishikeni, ingawa mtapata mabwana watakaowaamuru muivunje.

Baadaye nikapandishwa kuwa msimikaji. Hema kubwa la harusi halina nguzo katikati. Husimama kwa boriti za alumini zilizounganishwa kama mbavu, na turubai huvutwa juu yake kisha likakazwa kwa mikanda iliyofungwa kwenye vigingi vya chuma. Kukaza ndiko kazi yenyewe. Paa likilegea, maji ya mvua hayatiririki. Hukusanyika mahali pamoja yakafanya uvimbe unaoning'inia juu ya vichwa vya watu. Sisi tuliuita tumbo. Tumbo likiachwa hukua, na maji ni mazito kuliko yanavyoonekana.

Kiangazi kimoja nikahamishiwa tawi la pwani ya kaskazini, mwendo wa karibu siku nzima kwa lori kutoka Sydney. Watu wa mjini hupenda kwenda kuoana huko, juu ya vilima vinavyotazama bahari, na picha za matangazo yetu zilikuwa jua tupu. Kiangazi gani! Kile kilikuwa kipupwe kilichopotea njia. Upepo wa baridi ulitoka baharini kila siku, na kila wingu lililopita lilitumwagia kidogo likaenda zake. Ingekuwa mvua ya maana, tungeahirisha kazi. Lakini ile ilinyesha ukimaliza kuvua koti, ikapusa ukimaliza kulivaa.

"Buda, hii mvua inatucheza," alikuwa akisema Otieno, Mkenya niliyefanya naye kazi, akisimama amelowa na nyundo mkononi.

Meneja wa tawi hakuwa na neno jingine ila moja. "Rasharasha tu hiyo." Tukimwambia turubai halijakauka, rasharasha tu, likunjeni, kesho kuna harusi nyingine. Tukimwambia udongo umelainika na vigingi havishiki, rasharasha tu, viongezeni. Tukaviongeza. Tukakunja mabichi, tukasimika mabichi, na yote yakaanza kunuka kama viatu vya mvuvi.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa. Tulisimika kwenye malisho yake, mimi nikiwa kiongozi wa kikosi. Asubuhi nilikaza kila mkanda kwa mkono wangu. Mchana wageni wamekaa, baba wa bibi harusi amesimama anatoa hotuba, nikaona vigingi vya upande wa bahari vimeanza kuinama katika tope, na paa la upande ule limelegea. Likapita wingu. Likapita jingine. Tumbo likaota juu ya meza za wazee.

Nikamfuata meneja. "Lazima tuyamwage yale maji, na wale watu wainuke kwanza."

"Baba wa watu anazungumza," akasema bila kugeuka. "Rasharasha tu hiyo. Ngoja amalize."

Nikangoja. Mzee yule alikuwa bado anasimulia utoto wa bintiye, jinsi alivyomfundisha kukamua, na watu wanacheka, na tumbo linashuka. Boriti ikatoa mlio. Sikuwa na uhakika kama ni boriti au ni kiti cha mtu. Nikapita katikati ya meza nikiwa na buti zangu za matope, nikamwinamia sikioni, nikamwambia watu watoke.

Alinitazama kama niliyemtemea mate. Lakini akawaambia watoke.

Wakasimama nje kwenye baridi, na suti zao, na viatu vya visigino vikizama. Mimi na Otieno tukasukuma tumbo kutoka chini kwa fito tulizozifunga vitambaa. Maji yakaruka ukingoni kwa mkupuo mmoja, yakaishia juu ya vyombo vya wanamuziki. Spika zikanyamaza. Hapohapo, naapa, jua likatoka. Bahari yote ikameremeta, na watu wote wakanigeukia.

Baba wa bibi harusi akaja. "Lingeanguka?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, bwana. Lingeweza."

"Umenikatiza kwa jambo usilolijua."

"Ndiyo," nikasema. Ningesema nini tena?

Meneja alisubiri tufike kwenye lori. "Umeharibu harusi ya watu kwa ajili ya manyunyu."

"Nikikosea mimi, watu wanalowa," nikamjibu. "Ukikosea wewe, je?"

Akapanda lori akabamiza mlango. Wiki iliyofuata nikarudishwa Granville, kwenye brashi na ndoo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilifanya vyema. Nimekasirika miaka mingi kwa sababu hiyo. Hema likianguka, kila mtu hujua nani alaumiwe. Lisipoanguka, aliyelizuia ni mtu mwenye fujo tu.

Nilikaa bohari mpaka magoti yakakataa, nikastaafu, nikatulia Doonside na chai yangu. Mwaka jana binti yangu Mwanaisha, muuguzi hospitalini Westmead, akaniambia yeye na mchumba wake wameshapata mahali pa harusi. Pwani ya kaskazini. Januari. Kwenye hema.

"Kumbi zote za Sydney zimeungua?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni kiangazi, Baba.

Siku ya harusi ilikuwa baridi, na mawingu yalipita moja moja kutoka baharini yakitunyunyizia. Nilikuwa nimekwishazunguka hema na kanzu yangu nzuri, nimetikisa kila kigingi, nimewakera vijana waliolisimika. Nikaketi meza ya mbele. Biriani ikapoa. Wajomba wakazungumza, sikusikia; nilikuwa nahesabu mishono ya paa. Kisha nikahisi mkono unanishika kidevu na kuteremsha uso wangu.

"Baba," akasema Mwanaisha, safari hii kwa Kiswahili, "paa umeliangalia tangu asubuhi. Sasa niangalie mimi."

Juu yetu mvua ikaanza tena. Nikamwangalia.