Daraja Linalopitika Ofisini

Wiki hii nilikuwa kwenye ofisi moja ya miradi hapa Kasongo, nikingoja mhuri. Karani, mama mmoja mchangamfu, alikuwa amefuta kwa bahati mbaya mradi wa daraja la Wamaza kwenye kompyuta. Mbele yake aliketi papa mmoja, mzee aliyetoka huko kwa pikipiki, matope mpaka magotini, kuulizia daraja hilohilo.

"Usiogope, papa. Kila mradi uko na kopi yake." Akachomeka flashi, akangoja, akapiga makofi. "Iko! Umerudi, na ile mingine haikuguswa!"

Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Picha ilionyesha mbao zote mahali pake, na chini imeandikwa: linapitika.

"Kopi ni ya lini?" papa akauliza.

"Ya kabla ya mvua."

"Na ile habari nilileta, ya kwamba maji ilibeba daraja?"

Mama akashusha mikono. "Hiyo ilipotea, papa. Utaleta tena, na picha."

Kompyuta haikukosea, ilirudisha ilichopewa. Papa akapangusa goti, akasimama. Nilipanda pikipiki yake, maana nami nilikuwa naelekea huko. Mtoni tukashuka, wabebaji wanaovusha mizigo hapo wakaiweka pikipiki mabegani, nasi tukaingia majini hadi kiunoni, palepale ambapo ofisini panapitika.