Shemeji Aliyenichagulia Presi ya Risasi

Dume la elki, kulungu mkubwa kama ng'ombe, lilisimama mbele yangu, ubavu wazi, likitafuna bila presha yoyote, na bunduki yangu ikakataa kufunga.

Sio kukataa kulia. Kukataa kufunga.

Nasukuma komeo la bunduki, risasi inaingia chemba yake, komeo linagomea mwishoni. Narudisha, nasukuma tena. Linagoma.

Dume likanitazama. Nadhani lilinionea huruma. Kisha likaondoka zake taratibu, kama mtu anayetoka kanisani na hana anayemdai.

Nyuma yangu shemeji yangu Thayer akakohoa. "Shem, hii bunduki ya mama yako imekwisha. Chemba imekufa. Niachie mimi nikaitundike ukutani."

Kaeni vizuri niwaambie huyu Thayer ni mtu gani.

Mimi ni mzaliwa wa Lewistown, Montana, na gereji ya nyumbani kwangu haijawahi kukosa watu. Jumamosi wanaegesha pikapu zao, wanaingia na bia, mimi napika chili, ule mchuzi mkali wa nyama na maharage, sufuria kubwa, na umbea unaanza. Nani kaachana na nani, nani kanasa kwenye theluji, nani kaongopea urefu wa pembe. Shule sikufika mbali. Nilichonacho nimekiokota humo.

Thayer ni mdogo wa mume wangu, Orrin. Kila mji una mjuaji wake, sisi tulipewa huyu. Sebule yake imejaa vichwa vya elki, na vyote, kwa maelezo yake, kaviangusha kwa magnamu yake, dude la bunduki ambalo likilia mbwa wa mtaa mzima wanaingia uvunguni. Ukija na bunduki ndogo mbele ya Thayer, umejitakia.

Sasa bunduki niliyoachiwa na mama ni ndogo. Ya risasi namba mbili hamsini na saba. Nyepesi, ya kizamani, haina makelele. Mama aliibeba maisha yake yote na friji yetu haikuwahi kukosa nyama.

Shida ni kwamba risasi zake madukani hazipo tena. Unajaza mwenyewe nyumbani, baruti na kichwa kipya kwenye ganda tupu, au bunduki unaifanya pambo.

Na mwaka huu nikapata kibali cha dume.

Wenye kujua wananielewa. Kile kibali ni bahati nasibu. Nilianza kukiomba binti yangu yuko chekechea, leo ana mtoto wake. Ukikipata, kinakufa na msimu. Usipoua, unarudi mkiani mwa foleni pamoja na watu walioanza kuomba jana. Kwa umri wangu na magoti haya, foleni nyingine siimalizi.

Nikaapa nitakitumia kwa bunduki ya mama, basi.

Nilijua ninachotaka. Presi ya mkono, ya hatua moja. Unaweka ganda moja, unavuta mpini, unatoa, unaweka lingine. Na kalibu za mwili mzima, zile zinazolibana ganda lote, shingo na tumbo, likarudi umbo lake la kiwandani.

Nikalisema gerejini, ikawa kikao cha ukoo.

"Hatua moja?" Thayer akaweka bakuli chini. "Shem, hiyo ni ya vikongwe. Siku hizi kuna inayozungusha yenyewe. Kila ukivuta, risasi inadondoka. Mia nne kwa saa."

"Nina kibali cha elki mmoja, Thayer. Hao wengine wote nawaulia nani?"

Watu wakacheka. Yeye akaendelea kama redio.

"Na hizo kalibu za mwili mzima zinachosha ganda. Mpiga shabaha wa kweli anabana shingo tu."

"Shingo tu ni kwa ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo," nikamwambia. "Ganda likipigwa linavimba, linachukua umbo la chemba iliyolipiga. Lihamishie bunduki nyingine uone."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaulia panya wa shambani. Kale kabunduki ni ka akina mama. Elki akipigwa nako atadhani ni mbu."

Nikamwangalia Orrin. Mume wangu ni mtu mzuri sana, ila mbele ya mdogo wake uti wa mgongo unaenda likizo.

"Mpenzi," akasema, "Thayer haya mambo kayasoma."

Kayasoma wapi? Kwenye simu, chooni.

Siku yangu ya kuzaliwa ikafika, Orrin ananiletea boksi la ile presi inayozungusha yenyewe. Ndani: mirija, visahani, springi, vikengele, utadhani tunafungua kiwanda cha soseji. Mtu anayepiga risasi mbili kwa mwaka kanunuliwa kiwanda. Na kalibu iliyokuja nayo, kama Thayer alivyoelekeza, ni ya shingo tu.

"Usinune, Shem," Thayer akasema. Akanionyesha mfuko wa maganda yanayong'aa kama vijiko vya harusi. "Haya mapya, hayajawahi kupigwa. Nimekuagizia Billings. Ganda jipya halijavimba, shingo inatosha."

Hapo nikamwachia. Ganda likiwa jipya kweli, yuko sahihi.

Akachukua kila kitu akajaze yeye, maana mashine ile hakuna mwingine aliyeielewa. Mia nne kwa saa, si ndivyo alivyosema? Wiki zikapita. Leo imekwama, kesho imemwaga baruti, keshokutwa imeponda ganda. Kisanduku changu cha risasi nikakabidhiwa asubuhi ya uwindaji, chini ya mlima.

"Ngoja niingize moja nione."

"Shem, kelele za chuma. Utafukuza wanyama."

Na huku tunapanda na chemba tupu, risasi ziko magazini, chini ya chemba, mpaka umwone mnyama. Kwa hiyo nikamwona mnyama ndipo nikaziona risasi. Mengine mmeshayasikia.

Kufikia Jumatano mji mzima unajua kwamba bunduki ya mama yangu imekufa. Thayer alimwambia kinyozi, kinyozi ni kama mnara wa simu. Watu wananipa pole kwenye foleni ya maziwa. Mmoja kaniuliza kama nataka kuazimwa bunduki "ya kueleweka".

Nikashukuru, nikalipia maziwa yangu. Wanaonijua walipaswa kuogopa.

Nikaenda mnada wa vitu vya marehemu, nikapata presi ya hatua moja, chuma kizito, rangi imebanduka. Kalibu za mwili mzima nikaagiza. Jumamosi nikapika chili, gereji ikajaa. Msimu umebakiza mwisho wa wiki huo tu.

Thayer akaja na mkewe, Marvella, mwanamke asiyeweza kutunza siri hata ukimlipa. Nampenda sana.

"Jamani, sogeeni," nikasema.

Nikachukua ganda tupu lililobaki kwenye ule mfuko alionirudishia Thayer, limeshabanwa shingo na yeye mwenyewe. Nikalipaka wino mweusi wa kalamu nene, lote, juu mpaka chini. Nikaliingiza kwenye bunduki ya mama, nikasukuma komeo mpaka lilipogoma, nikalitoa.

Palipogusana na chuma, wino unafutika. Ndivyo mama alivyokuwa anatafuta panapobana.

Shingoni wino ulikuwa mzima. Tumboni, karibu na kitako, umekwanguka kuzunguka pande zote, shaba inang'aa.

Nikampa Dutch, jirani yetu mzee wa bia mbili. Akalizungusha. "Hili limevimba tumbo."

"Ganda jipya linavimba?"

"Halivimbi. Hili limeshapigwa. Na chemba iliyolipiga ni pana kuliko hii yako."

"Sasa Thayer," nikasema kwa upole, na mimi nikiwa mpole kaa mbali. "Haya maganda yako mapya yalipigwa kwenye bunduki ya nani?"

Thayer akakuna shingo. "Watakuwa wamenichezea kule dukani. Watu wa Billings hao."

"Mji huu namba hii ninayo mimi peke yangu. Wengine wote mnaidharau."

"Ndiyo nakwambia, ni duka."

Marvella alikuwa anajimiminia kahawa. Hata hakugeuka.

"Si ile yako ndogo, baba? Ile ya nyuma ya makoti?"

Vichwa vyote vikamgeukia Thayer.

"Marvella," Thayer akasema.

"Si namba hiyohiyo? Ile unayowindia kila mwaka?"

Dutch akaweka bia chini. "Na magnamu?"

"Ah, ile ilimtegua bega zamani. Siku hizi akiishika anafumba macho kabla haijalia."

Jamani. Vile vichwa vyote ukutani. Vyote kaviua kwa kabunduki ka akina mama.

Na ndipo ujuaji wake ukaeleweka. Miaka yote anabana shingo tu, anarudisha maganda yaleyale kwenye bunduki ileile, yanaingia vizuri, anajiona fundi. Hakuwahi kuwajazia wengine, maana angesema kajifunzia wapi? Safari hii kaona aibu kusema maganda ni yake, akayang'arisha, akayaita mapya.

Nilimwongezea chili.

Jioni ile nikayapitisha maganda matupu yaliyobaki kwenye kalibu ya mwili mzima, moja moja, kivikongwe. Nikajaza. Kila moja nikaliingiza kwenye bunduki ya mama, komeo likafunga kama mlango wa friji.

Jumapili, siku ya mwisho ya msimu, nilipiga mara moja. Dume lilipiga hatua chache, likalala. Halikudhani ni mbu.

Paja la nyuma, lile zito kuliko yote, nilimchagulia Thayer. Akalibeba mgongoni mpaka chini ya mlima, anapumua kama trekta. Tulipofika kwenye pikapu ndipo akafungua mdomo.

"Shem. Hizo kalibu za mwili mzima. Ukimaliza, unaweza kuniazima?"

Ile mashine ya mia nne kwa saa bado ninayo. Orrin anatundikia kofia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akikuchagulia kifaa, muulize kama anakichagulia kazi yako au macho ya watu. Na anayekicheka kidogo chako kwa sauti kubwa, usibishane naye. Mmiminie mkewe kahawa.