Aliambiwa "Kasuke Nywele", Akazisukia Mlangoni pa Duka

Saa tatu asubuhi. Duka la vifaa vya umeme limefungua mlango mmoja tu, na Mama Mapacha ameshatia kigoda chake kizingitini. Kitana amekichomeka kichwani, fungu la rasta, zile nywele za bandia, liko begani, na kati ya magoti yake ameketi wifi yake, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona nyoka.

Juu ya kaunta, mbele ya macho ya muuzaji, inapiga saundiba, spika ya runinga.

"Mama, unanizibia wateja," anasema muuzaji.

"Si ulisema nikasuke nywele? Nasuka."

Wapita njia wanacheka. Yeye hacheki. Vidole vyake vinakwenda mbio, lakini taya limekaza, na kila baada ya msuko mmoja anainua macho kutazama kidude cheusi kilicholala kando ya saundiba. Ni adapta, ile inayopokea umeme kutoka kwenye soketi. Kidude hicho nusura kimchukulie wanawe.

Mama Mapacha ni msusi. Jina hilo watu wamempa kwa ajili ya mabinti zake wawili, wanaofanana hadi chafya. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayopanga: kioo, viti viwili, draya ya kukaushia nywele, jamvi, na runinga ukutani. Chini ya runinga hiyo liko godoro dogo. Hapo mapacha hulala mchana, kwa sababu hapo mama anawaona huku mikono yake ikiwa kwenye kichwa cha mtu.

Kusuka si kazi ya kukaa na kuondoka. Mteja anafika asubuhi, anainuka jua limeshageuka. Anataka kitu cha kutazama, la sivyo anaanza kuhesabu maumivu.

"Hizi TV bapa sauti yake inatokea mgongoni, inaongea na ukuta," anasema. "Ukiwasha draya ndiyo basi tena. Wateja wanatazama midomo inavyochezacheza tu, utadhani samaki."

Wateja wawili watatu walihamia kwa msusi wa mtaa wa pili, mwenye spika zinazotikisa dirisha. Ndipo akaamua naye anunue saundiba, ile spika ndefu kama mche wa sabuni inayokaa chini ya runinga. Alitafuta ya bei nafuu, maana hela yenyewe ilikuwa ya vichwa vya watu, iliyowekwa kidogo kidogo na kufichwa hata mumewe asiione.

Hapo dukani boksi lilikuwa limeandikwa wati nyingi kwa herufi za dhahabu. Mzazi mwenzangu, usihangaike na dhahabu ya boksi. Karatasi hukubali chochote. Yeye alifanya la maana, aliomba iwashwe aisikie kwa masikio yake. Ikawashwa, ikaimba vizuri, akalipa. Jambo moja tu hakuuliza: je, adapta iliyoiwasha pale kaunta ndiyo atakayofungashiwa?

Nyumbani vita vikaanza. Kwanza aliiunganisha kwa blututhi, bila waya. Sauti ikaja, lakini ilichelewa. Mtu kwenye runinga anafunga mdomo, ndipo maneno yanatoka.

"Huyu anaongea kwa kutumia tumbo," wifi alisema siku hiyo, na saluni nzima ikavunjika mbavu.

Akachukua waya, akauchomeka kwenye tundu la hedifoni la runinga. Maneno na midomo vikapatana, ila sauti ikawa ya kunong'ona. Ilimchukua siku nzima kugundua kwamba kwa waya huo lazima apandishe kwanza sauti ya runinga yenyewe, halafu ndiyo ya saundiba. Hilo nalo alilimaliza peke yake, na mafuta ya nywele yakiwa mikononi.

Lililomshinda lilikuwa hili: kila akiipandisha ishindane na draya, inazima. Inakaa kimya kidogo, inajiwasha, inazima tena. Akampigia muuzaji simu.

"Ifungulie taratibu, mama. Ni mpya hiyo, inazoea."

"Inazoea nini? Ni kiatu?"

Muuzaji akacheka, akakata simu. Cheko hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Saluni ina miguu mingi. Waya ukipita sakafuni, mtu anajikwaa. Kwa hiyo Mama Mapacha aliuzungusha nyuma, akaisukuma adapta chini ya ukingo wa godoro la watoto, na saundiba akaivika kitambaa alichokifuma mwenyewe, cha rangi moja na kile cha runinga. Alitaka pawe nadhifu. Nani kati yetu hajafunika chombo chake kipya kitambaa?

Mchana wa siku moja alikuwa anamalizia kichwa cha mteja. Rasta zikishasukwa, msusi huchoma ncha zake kwa kiberiti cha gesi zisifumuke, kwa hiyo harufu ya plastiki inayoungua ndiyo harufu ya saluni. Anaivuta kila siku, haimshtui. Aliisikia, akaendelea kusuka. Mteja akapunga mkono mbele ya pua, naye akasema, "Vumilia, ni ncha hizo."

Halafu mkono ukamsimama hewani.

"Nilikuwa sijachoma hata ncha moja," anasema, na sauti yake inashuka. "Kiberiti kilikuwa mfukoni. Nikajiuliza, sasa kinachoungua ni nini?"

Pacha mmoja alikuwa anakohoa usingizini. Mama aliruka miguu ya mteja, akawanyakua watoto wote wawili kwa mkupuo mmoja, akaling'oa lile godoro. Sponji ilikuwa imeyeyuka shimo la ukubwa wa kiganja, kingo nyeusi, moshi mwembamba ukitambaa. Kitako cha adapta kilikuwa kimebabuka, lakini taa yake ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mwingine angekuwa ametoka kidogo dukani kununua chumvi," anasema.

Fundi redio wa jirani aliitazama adapta ile, akaigeuza, akamwonyesha maandishi madogo. Mgongoni mwa saundiba pameandikwa inavyotaka kulishwa: volti kadhaa, ampea tatu. Adapta ina volti zilezile, ila ampea moja.

"Ni punda mmoja amebebeshwa mzigo wa watatu," fundi alimwambia. "Ukipandisha sauti anaanguka. Usipompumzisha anaungua."

Akarudi dukani na adapta ile na maneno hayo. Muuzaji akachomeka, taa ikawaka, akafungua mikono.

"Si hii hapa inawaka? Uliifukia chini ya godoro, mama, ukaifunika na vitambaa vyako. Hata wewe nikikufunika godoro utaungua."

"Imeandikwa ampea moja. Inatakiwa tatu."

"Ampea zinakuhusu nini? Wewe kasuke nywele."

Kuhusu godoro muuzaji alikuwa na haki, na kwa sababu alikuwa na haki hapo, akajiona ana haki kote. Mama Mapacha alichomoa adapta yake, akatoka. Njia nzima alikuwa anajisemea kama mwendawazimu, wanangu, wanangu. Alipofika kwake alikuwa ameshapata jibu.

Ndiyo maana asubuhi hii yuko kizingitini.

"Hapa hakuna godoro," alimwambia muuzaji alipofika. "Hakuna kitambaa. Kaunta yako, soketi yako, macho yako. Iwashe kwa sauti ninayotumia saluni, na mimi nasuka mpaka nimalize. Isipopata moto, nitakuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Muuzaji hakuweza kukataa. Wateja walikuwa wanasikiliza.

"Kaa, mama. Utachoka wewe."

Hakujua anaongea na mtu wa kazi gani. Msusi hachoki kukaa.

Saundiba inazima. Muuzaji anapunguza sauti kijanja, mkono ukipita kama anafuta vumbi.

"Bwana shemeji!" wifi anapaza sauti kutoka kati ya magoti. "Huku chini hatusikii! Pandisha, au nayo unaogopa itachoka?"

Anapandisha. Inazima. Inajiwasha. Saa zinakwenda, misuko inashuka nyuma ya shingo ya wifi mmoja mmoja. Karibu na adhuhuri mama mmoja aliyekuja kununua saundiba kama hiyohiyo anainua pua.

"Kuna kitu kinaungua."

"Si mimi," anasema Mama Mapacha, anatoa kiberiti mfukoni na kukiweka sakafuni watu wakione. "Bado sijachoma ncha."

Muuzaji anaigusa adapta, anarudisha mkono upesi na kutia vidole mdomoni. Anachomoa waya. Yule mama mnunuzi anasukuma boksi lake lirudi kaunta, anaondoka bila hata kuaga.

Ndipo muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu ya nyuma. Anachukua pakiti ndogo inayouzwa peke yake. Ndani iko adapta yenye chapa ileile ya saundiba, na imeandikwa ampea tatu. Ndiyo iliyopaswa kuwa ndani ya boksi.

"Kumbe pacha wake alikuwa rafuni!" wifi anasema. "Unawatenganisha mama na mtoto, unawauza mbalimbali?"

Mama Mapacha hapigi kelele. Anasimama, nyuzi za rasta zikimdondoka mapajani.

"Wanangu walilala juu ya faida yako," anamwambia. "Nipe hiyo. Na hii iliyoungua nipe pia."

"Hiyo iache, mama, niitupe."

"Uitupe? Kwenye boksi la nani?"

Anaondoka nazo zote mbili, lakini kwanza anaketi amalize kichwa cha wifi, pale pale mlangoni, na ncha zake anazichoma moja moja bila haraka.

Leo adapta iliyobabuka inaning'inia kwenye msumari kando ya kioo cha saluni. Kila mteja anauliza, kila mteja anajibiwa, na anayepanga kununua anafundishwa kusoma mgongo wa chombo kabla ya boksi. Saundiba haizimi tena. Imevuliwa kitambaa, na adapta mpya iko juu ya tofali, peupe.

Mpango wake ni kupata chumba kingine cha kazi. "Sitaki kikubwa," anasema. "Nataka mlango uwepo kati ya umeme wa wateja na usingizi wa wanangu."

Mpaka siku hiyo, mapacha wanalala chumba cha ndani, wakiwa mbali na macho yake, na hilo nalo linamnyima raha. Akiwa anasuka husimama ghafla, akaenda kuchungulia pumzi zao. Akirudi anapitisha kiganja juu ya adapta, taratibu, kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa, ndipo anashika kitana.