Mkeka wa Mwamini uliochelewa miaka sita

Saa mbili asubuhi, sindano ya Mwanawetu Saadi inaingia katika ukili wa nne, utepe uliosukwa kwa miyaa ya ukindu, na kutokea wa tano. Anavuta uzi wa ukindu mpaka kingo za kili hizo mbili zinalaliana, anakaza kwa kidole gumba, kisha anachoma tena. Amekaa barazani kwake Ruaruke, wilayani Kibiti, miguu ameinyoosha mbele, na mkeka umemlalia mapajani kama mtoto aliyeshikwa na usingizi.

"Hapa nikikosea, mkeka unakwenda upogo," anasema bila kuinua macho. "Wa kuuza ukienda upogo, unapunguza bei, unapata mnunuzi. Huu hauuzwi."

Mkeka huu ni wa jirani yake, Mwamini Mohamedi, aliyekaa hatua tatu kutoka hapo akipepeta mchele. Umechelewa miaka sita.

Mtaani kwao, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake halipwi. Kumpa fedha ni kumtukana. Mama wa mtoto husuka mkeka kwa mikono yake mwenyewe, bila kusaidiwa hata kuchana ukindu, na kuupeleka kwa mnyonyeshaji mtoto anapoota meno. Ukishatandikwa, kila mtu amejua kwamba watoto wa nyumba hizo mbili ni ndugu wa ziwa, na hawataoana.

Nasra, binti wa mwisho wa Mwanawetu, meno aliota zamani. Sasa yameanza kung'oka.

Mwanawetu ana miaka thelathini na saba. Ukili alifundishwa na bibi yake akiwa na miaka tisa, na kabla hajamzaa Nasra alisuka pima nne kwa siku, pima ikiwa urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Mkeka mkubwa wa rangi aliuuza shilingi elfu arobaini kwa wasafiri wanaosimama Kibiti. Mumewe, Twalibu, hulima mpunga bondeni. Mwaka ambao mto uliubeba mpunga, anasema Twalibu, nyumba ilikula mikeka.

Nasra alizaliwa salama, lakini mama yake alivuja damu nyingi. Walimkimbiza hospitali akiwa hajitambui, akaongezewa damu chupa nne. Alipozinduka aliomba mtoto, akamweka kifuani. Hakikutoka kitu.

Wanawake walimhangaikia. Alinyweshwa uji wa mtama, akaletewa mchuzi wa pweza kutoka Kiongoroni, akakandwa kwa maji ya moto. Siku ya tatu Mwamini, aliyekuwa na mtoto wa miezi minane, alichoka kumsikia kichanga akilia. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akamchukua.

"Wangu nikampa la kulia, Nasra la kushoto," anasimulia Mwamini huku akirusha mchele. "Wa kushoto ndiye aliyekuwa mlafi."

Jambo likaisha hivyo. Mtoto alishiba, na hakuna aliyeuliza tena habari ya maziwa. Mwanawetu hakurudi kuona siku zake, naye akalihesabu hilo kuwa ni mapumziko aliyojaliwa baada ya uzazi mgumu.

Aliuanza mkeka wa Mwamini mtoto akiwa na miezi minne. Akasuka pima tatu kwa siku, kisha mbili. Kufika mwaka wa pili, kutwa nzima ilimpa pima moja, tena iliyolegea. Vidole vilikuwa vizito, sauti ikakauka, nyusi zikapukutika. Alilala akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Na alisikia baridi. Januari, watu wa Ruaruke wakitafuta kivuli, yeye alivaa kanga tatu na kukaa karibu na sufuria ya kuchemshia rangi.

"Nikamwambia, mke wangu, mbona umeniacha ukaolewa na sufuria?" anakumbuka Twalibu. "Akacheka kidogo. Nikaona hata kucheka kunamchosha, nikaacha mzaha."

Maneno yakaanza. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliosema ni jini la maji. Shangazi yake Twalibu alileta kombe, maji yaliyooshewa aya, Mwanawetu akanywa kwa adabu. Neno lililomchoma zaidi alilisikia kisimani: kwamba ameshakuziwa mtoto, mkeka wa nini tena.

"Lile niliondoka nalo," anasema. "Jini ningemwachia Mungu. Lakini kuambiwa sina shukrani, na mikono yangu mwenyewe ndiyo inayonikana?"

Alipimwa malaria na wingi wa damu. Tabibu mmoja, mtu makini, alimshika shingo, akamtazama nyusi, akasema anashuku tezi. Damu ilichukuliwa ikapelekwa maabara. Jibu lilirudi: kipimo cha tezi kiko sawa. Mwaka uliofuata walirudia mahali pengine, kikawa sawa. Mara ya tatu, sawa.

"Nilimshukuru Mungu kwa jibu, nikarudi nyumbani na mwili uleule," anasema Mwanawetu. "Ukiambiwa unaumwa, unajua pa kuanzia. Ukiambiwa mzima nawe hujiwezi, unamlaumu nani?"

Hawalaumu waliompima. Karatasi zote tatu anazo kwenye mfuko wa plastiki, na anasema kila aliyemhudumia alijibu alichoulizwa. Naye alijibu alichoulizwa. Maziwa hakuulizwa, wala mwenyewe hakuyaona kuwa ni ugonjwa. Yale yalikuwa mambo ya ujirani, na yalikwisha.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, alianguka akiteka maji. Twalibu aliuza magunia mawili ya mpunga, na kwa kuwa mavuno yalikuwa bado shambani, Mwamini ndiye aliyemsindikiza Mwanawetu Dar es Salaam kwa daktari waliyeelekezwa, mwanamke aitwaye Yasmini.

Daktari Yasmini alisoma karatasi tatu, akaanza kujaza fomu. Alipofika sehemu ya msindikizaji, aliuliza Mwamini ni nani kwa mgonjwa.

"Nikamwambia, mimi ni mama wa ziwa wa mwanawe," anasema Mwamini. "Kwetu hilo ni jibu kamili. Nilidhani ataandika."

Daktari hakuandika. Aliweka kalamu chini, akauliza kwa nini alimnyonyesha yeye.

"Kwa sababu mwenzangu hakutoa hata tone," alijibu Mwamini.

"Alipojifungua, damu ilitoka nyingi?"

"Daktari, godoro tulilitupa."

Maswali yakafuatana, mengine ya aibu kidogo, na safari hii Mwanawetu alijibu yote. Damu ikachukuliwa upya, sasa kwa vipimo kadhaa, na baadaye akapigwa picha ya kichwa.

Maelezo aliyopewa anayarudia polepole, kama mtu anayehesabu miyaa. Tezi ya shingoni haifanyi kazi mpaka iagizwe na tezi nyingine, ndogo kama punje ya kunde, iliyo chini ya ubongo. Hiyo ndogo ndiyo pia inayoagiza maziwa na siku za mwanamke. Damu ilipomwishia wakati wa uzazi, hiyo ndogo ilikosa damu, ikafa sehemu kubwa. Vile vipimo vya kwanza vilipima agizo peke yake, na agizo laweza kuonekana la kawaida kwenye karatasi hali limekwisha nguvu. Walipopima kile ambacho tezi ya shingoni yenyewe inakitoa, kilikuwa chini sana.

"Ni kama ngoma," anasema Mwanawetu. "Waitikiaji wazima, mwimbishaji kakauka koo. Ukimtazama midomo tu, utadhani anaimba."

Alipewa dawa mbili. Ya kwanza, ya homoni nyingine iliyokuwa imepungua, ilitangulia peke yake siku kadhaa, kwa sababu daktari alionya kwamba ya tezi ikitangulia ingeweza kumwangusha. Zote atazimeza maisha yake yote, na ana kadi ya kuonyesha popote atakapougua. Kidonge cha tezi anakimeza anapoamka, kabla ya chai, na Nasra ndiye mlinzi wake: hamimini chai mpaka aone kidonge kimekwenda.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Wiki ya tatu alivua kanga moja. Mwezi wa pili alimsikia Twalibu akiongea peke yake uani, akamtania, naye mumewe akasimama kusikiliza ile sauti. Siku zake hazikurudi, na daktari alimweleza kwamba akitaka kuzaa tena, hilo lina njia yake. Mwanawetu amesema watoto alionao wanamtosha.

Mwezi wa nne alikaa barazani, akasuka, jioni akanyoosha mikono kupima. Pima mbili na nusu. Akapima tena, akidhani amejidanganya.

Sasa anafika tatu. Nne hajafika, na hana haraka nazo. "Hizi tatu ni zangu," anasema. "Zile nne zilikuwa za msichana."

Mkeka wa Mwamini aliuanza upya kwa ukindu mpya, wekundu na kijani. Kili kumi na moja zilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Alipotaka kuusuka wa kumi na mbili, Mwamini aliingia chumbani mwa Mwanawetu bila hodi, akautoa uvunguni ukili wa ile miaka: umefifia, mwembamba huku, mpana kule, mahali pengine umelegea hadi kidole kinapita.

Mwanawetu alikataa. Alisema utaharibu mkeka, watu watacheka.

"Wacheke," Mwamini alimwambia. "Huu ndio uliosuka huku unatetemeka kando ya sufuria, na ulikuwa wangu. Utie katikati. Nitakapokaa nitaujua."

Ndiyo maana leo sindano inakwenda taratibu. Ukili wa tano umeshaungwa, na wa sita ndio ule mbovu. Mwanawetu anauweka ubavuni, anavuta, ukingo mmoja unabaki nje. Anafumua. Anauloanisha kwa maji ya kikombe, anaukanda, anajaribu tena. Safari hii unakaa, umbali wa shubiri moja.

Jua la adhuhuri limefika barazani. Mwamini amemaliza mchele, anasimama, anautazama mkeka.

"Mama Nasra, utaisha lini?"

"Idi utaketi juu yake, inshallah. Ukiacha kuniuliza."

Nasra anarudi kutoka shule, anakaa katikati ya kina mama hao wawili na kuuliza chakula, bila kusema anamwuliza yupi. Mwamini ndiye anayeinuka.

Mwanawetu anachomeka sindano katika ukili wa sita, pale shubiri ilipoishia, ili kesho asipatafute. Anauviringisha mkeka, anauegemeza ukutani, na kwenda kuanua ukindu uliokauka.