Ukingo wa Fundi Kingo

Kwetu milimani shamba halilali, linapanda kama ngazi. Kila kipande kina ukingo wa udongo, na juu yake majani yenye mizizi ya kuushika. Ukingo wa aliye juu ukibomoka, anayefukiwa ni wa chini. Kwa hiyo udongo wako ukimshukia jirani, unaubeba mwenyewe kuurudisha, mchana kweupe, mlima mzima ukikutazama.

Sasa jamani, huyu tuliyemwita Fundi Kingo alikuwa na fimbo ya kukagulia kingo za watu. "We mama, majani yamekauka hapa! Unataka kumzika nani?" Tulicheka, lakini tulirekebisha.

Msimu ule viazi vilikubali, tamaa ikamwingia. Akayang'oa majani ya ukingo wake kwa jembe, apate mstari mmoja zaidi. Viazi vikachipua vikaficha pengo.

Mvua ikaja, haikuficha. Kulipokucha, udongo wake ulikuwa umelalia maharage ya shemeji yake, mjane wa mdogo wake, ambaye hana shamba jingine. Fundi akashuka na karai, macho chini.

"Fundi!" vijana wakapiga kelele kutoka ng'ambo ya bonde. "Leo ukingo umekukagua wewe!"

"Mvua haina adabu," akajibu.

Shemeji naye akaja na karai lake. "Pole, shemeji. Kama mvua imebomoa ukingo wako, sisi wengine tuna nini? Ngoja nikusaidie."

Bora angemtukana. Walichota udongo, mama wa watu akifukua maharage yake kwa vidole, shina moja moja, hata lililokwisha kuvunjika. Mara akainua shungi la majani lililosombwa na maji. Mizizi ilikuwa imekatwa sawasawa, kama kwa kisu. Aliitazama, akamtazama Fundi.

"Mvua ya mwaka huu ina jembe kali, shemeji."

Akaliweka shungi juu ya udongo karaini mwa Fundi.

Fundi alipiga hatua ya kupanda, akashindwa. Akatua karai.

"Ni mimi," akasema, na sauti ikavuka hadi ng'ambo, kwa maana vijana walikuwa wamenyamaza. "Nilitaka mstari mmoja wa viazi."

"Nimeona. Beba basi, jua linapanda."

Akabeba. Shungi alilipanda tena ukingoni akiwa amepiga magoti, tukimtazama. Ukipita pale leo utaiona ile fimbo: imechomekwa shambani kwa shemeji, maharage yamejizungusha hadi kichwani.